Kalibu ya Saba

Februari inakatika. Theluji imepanda hadi madirishani,
na gerejini jiko la kuni linakoroma peke yake.
Ozite Arsenault amevua glavu zake za sufu,
kaziweka juu ya mashine ya kukatia nyasi
isiyo na kazi hadi Juni.
"Haya, Fidèle," anasema, "mgonjwa yuko wapi?"

Mgonjwa kalala chali juu ya vigoda viwili.
Sitaha tuliibandua jana, ikanyanyuka kama kifuniko cha sufuria.
Leo limebaki tumbo,
na tumboni kalibu kumi na nne za plaiwudi,
wima, kila moja na namba yake ya penseli,
kama wageni waliokula wakashiba wasijue kuaga.

Miezi mitano nimezitii.
Kila ufito wa mwerezi ulioinama, uliziinamia hizo.
Zikisema panua, nilipanua; zikisema bana, nilibana.
Nilizipigia hesabu hata usingizini.
Usiitukane kalibu na ujenzi ungalipo.
Lakini kitambaa cha nyuzi za kioo kimekauka,
kimeng'aa kama barafu ya ghuba yetu,
na kayaki hii, ikitaka kuelea,
lazima isahau kilichoifunza umbo.

Ya kwanza, ndogo kama sahani ya chai, inatoka kwa kidole.
Ya pili, ya tatu: nyundo ya mpira, kofi moja, tak.
Ya nne inalalamika kidogo.
Ya sita tunaivuta huku tunaongelea bei ya kamba-mti.

Ya saba haitoki.

Nagonga kushoto. Nagonga kulia.
Mwerezi unaguna, nami naacha.
Nainama na tochi, naona gundi,
matone ya kahawia yaliyoganda ukingoni,
mbao na kalibu zimeshikana kama waliokula yamini.
Pale palitakiwa utepe.
Naikumbuka siku yenyewe: Novemba,
nabandika utepe kwenye kingo, nimemaliza ya sita,
simu ikalia. Ni Mirelle, kutoka Calgary.
Alisema Joël amehama. Alisema sentensi hiyo mara mbili,
kisha akauliza hali ya hewa ya huku.
Niliporudi kwenye kazi nilianzia ya nane.

Hayo simwambii Ozite. Namwambia, "Nilisahau."

Miaka thelathini na moja alikuwa muuguzi wa Bathurst,
akiwapasulia watoto plasta.
Anasema mguu hutoka mwembamba, mweupe, una magamba,
na mtoto hulia, si kwa maumivu,
ila kwa kuwa mguu hauna mtu wa kuushika.
"Ila hukati mguu, Fidèle," anasema, akininyang'anya nyundo.
"Unakata plasta."

Basi tukachukua msumeno mdogo.
Nikaikata ya saba katikati, polepole,
vumbi la plaiwudi likinijaa masharubu,
na kila nusu tukaikunja kwa ndani
mpaka gundi ikakubali.
Iliondoka na kibanzi cha mwerezi, upana wa ukucha.
Pamebaki kovu jekundu, bichi, lenye harufu ya kabati la mama yangu.
Ozite alilipapasa kwa kidole gumba.
"Hili usilizibe," alisema. Labda nitaliziba. Sijui.

Saba zilizobaki zilitoka kabla ya chai.
Mbavu zilipoisha, kayaki ilishtuka,
kingo zikafunguka kwa upana wa kijiti cha kiberiti;
nikakata ufito, nikauweka katikati uitanue sawasawa,
isije ikajisahau kupita kiasi.

Kisha tukaishika kuihamisha, yeye mbele, mimi nyuma,
magoti yetu mabovu yamepigwa kite,
tumevuta pumzi, moja, mbili,
tumejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo tena.
Nusura tuipige dari.